Somo la Tano: Kuandaa Faili la Bango na Stika Kabla ya Kulipa

Mfanyabiashara mdogo anapofungua duka, saluni au mgahawa, kibao cha nje huwa miongoni mwa gharama zake za mwanzo, na ni gharama isiyorudi kwa urahisi. Bango lililokwisha kuchapwa kwa jina la duka moja haliwezi kuuzwa kwa duka jingine. Mteja naye hawezi kulibadilisha kama anavyobadilisha kiatu kisichomtosha. Ndiyo maana mgogoro kuhusu bango huwa mgumu kusuluhisha: mteja analalamika kwamba picha imetoka na ukungu, mchapaji anajibu kwamba alichapa alicholetewa, na huenda wote wawili wanasema kweli.

Katika somo hili tunaeleza namna ya kuandaa faili la mchoro litakalochapwa kwenye bango au kukatwa kuwa stika. Hatukusudii kumgeuza mlaji kuwa msanifu wa michoro. Tunakusudia ajue nini cha kuomba, nini cha kupima na nini cha kuandika kabla fedha hazijatoka mkononi mwake. Ili maelezo yasielee hewani, tutatumia mfano mmoja wa kubuni: mama muuza vitenge anayetaka bango la mita 3 kwa mita 1 juu ya mlango wa duka lake, pamoja na stika ya jina la duka kwenye kioo cha mlango.

1. Aina mbili za mafaili

Mchoro wa kompyuta huhifadhiwa kwa namna kuu mbili. Namna ya kwanza ni picha ya pikseli, yaani picha iliyoundwa kwa vijiraba vidogo vya rangi vilivyopangwa kama vigae vya sakafu. Picha zote za simu ni za aina hii, na mafaili yake huwa na herufi za mwisho kama JPG, PNG au TIFF. Idadi ya vijiraba haibadiliki; picha ikikuzwa, kila kijiraba hukua pia, na hapo ndipo kingo za herufi huonekana kama ngazi.

Namna ya pili ni mchoro wa vekta. Huu hauna vijiraba. Kompyuta huhifadhi maelezo ya mistari na mikunjo, kisha huichora upya kila ukubwa unapobadilishwa. Nembo ya vekta hubaki safi iwe kwenye kadi ya biashara au kwenye ukuta wa ghorofa. Mafaili yake kwa kawaida huishia na AI, EPS, SVG, CDR au PDF.

Lakini mlaji asidanganywe na herufi za mwisho peke yake. Picha ya JPG iliyobandikwa ndani ya faili la PDF hubaki kuwa picha ya pikseli. Imevishwa kanzu tu. Kipimo rahisi ni hiki: fungua faili kwenye kompyuta, likuze hadi asilimia 800, kisha tazama ukingo wa herufi. Ukingo ukibaki laini, una vekta. Ukionekana na meno meno, una pikseli.

Kanuni ya kukumbuka ni kwamba nembo na maandishi yawe vekta, na picha za watu, chakula au bidhaa ziwe pikseli zenye ukubwa wa kutosha.

2. Hesabu ya pikseli

Ukubwa wa kutosha ni upi? Jibu hutokana na hesabu ndogo ambayo kila mlaji anaweza kuifanya kwa simu yake. Inchi moja ni sentimita 2.54. Chukua upana wa bango kwa sentimita, ugawe kwa 2.54 upate inchi, kisha gawa idadi ya pikseli za upana wa picha kwa inchi hizo.

Tumrudie mama muuza vitenge. Bango lake lina upana wa sentimita 300, yaani takribani inchi 118. Ana picha ya nembo aliyotumiwa kwa simu, yenye upana wa pikseli 1,600. Ukigawa 1,600 kwa 118, unapata pikseli 14 hivi kwa kila inchi. Maana yake ni kwamba kila kijiraba kitakuwa na upana wa karibu milimita 2, na mteja anayesimama mlangoni atakiona kwa macho yake. Picha yenye upana wa pikseli 4,000 ingempa takribani 34 kwa inchi, ambayo bado ni hafifu kwa bango la kutazamwa kwa karibu.

Vipimo vinavyotumika sana ni hivi. Kipeperushi cha kushikwa mkononi huhitaji pikseli 300 kwa inchi. Bango la dukani linalotazamwa kutoka mita chache hutosheka na 100. Bango kubwa la barabarani, linalotazamwa kwa mbali, huweza kuchapwa kwa 30 au chini ya hapo bila mpita njia kugundua lolote. Kwa bango la mita 3 kwa kiwango cha 100, picha ya kujaza upana wote inahitaji pikseli 11,800 hivi.

Tunatahadharisha jambo moja. Programu za picha zina uwezo wa kuongeza namba ya pikseli kwa kubonyeza mara moja. Namba itaongezeka, lakini undani wa picha hautaongezeka kwa kiasi hichohicho. Programu hukisia tu vijiraba vya kujazia. Fundi anayesema kwamba ameikuza picha hadi 300 hajasema kwamba ameisafisha.

3. Rangi ya skrini na rangi ya wino

Skrini ya simu hutengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa bluu. Printa hutengeneza rangi kwa wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi. Mwanga unaweza kutoa rangi ambazo wino hauwezi kuzifikia. Kijani cha ndimu, bluu kali na machungwa yanayong'aa ndizo hupoa zaidi zikifika kwenye turubai. Kwa hiyo tofauti fulani kati ya simu na bango ni jambo la kawaida, wala si kasoro peke yake.

Mlaji anaweza kujikinga kwa njia tatu. Kwanza, faili liandaliwe mapema kwa mfumo wa rangi nne za wino, ili mabadiliko yaonekane kabla ya kuchapa. Pili, kama rangi ya nembo ina umuhimu mkubwa, omba kipande kidogo cha majaribio kilichochapwa kwa mashine ileile na kwenye malighafi ileile, kisha kitazame nje kwenye mwanga wa jua. Tatu, kwa stika ya kukatwa, rangi haitokani na wino bali na roli lenyewe la vinili. Hapo chagua kwenye kadi ya sampuli ya mtengenezaji na uandike namba ya rangi kwenye oda. Maneno "nyekundu iliyoiva" au "damu ya mzee" hayatoshi, kwa sababu kila mtu ana damu ya mzee yake.

Kumbuka pia kwamba printa nyingi hazina wino mweupe. Sehemu nyeupe ya mchoro huachwa bila wino ili weupe wa malighafi uonekane. Mchoro huohuo ukichapwa kwenye stika ang'avu, sehemu nyeupe zitakuwa tundu la kuonea. Muulize mchapaji mapema.

4. Maandishi

Herufi huonekana kwa kutegemea fonti iliyowekwa kwenye kompyuta. Kompyuta ya mchapaji ikikosa fonti hiyo, huweka nyingine badala yake, na mpangilio wote huvurugika. Dawa yake ni kugeuza maandishi kuwa mistari ya vekta kabla ya kutuma faili. Kwa kuwa maandishi yaliyogeuzwa hayawezi tena kuhaririwa kama maneno, hifadhi nakala nyingine ambayo haijageuzwa. Utaihitaji siku namba ya simu itakapobadilika.

Kiswahili kina mitego yake. Programu iliyowekwa kusahihisha Kiingereza huweza kubadili neno la Kiswahili bila kuuliza. Alama ya king'ong'o katika neno kama "ng'ombe" hupotea au huhamia mahali pasipo pake. Soma kila neno herufi kwa herufi, kisha mpe mtu mwingine ambaye hajaliona asome kwa sauti. Namba ya simu usiisome kwa macho tu. Ipige kutoka kwenye mchoro wenyewe.

Kuhusu ukubwa, kanuni ya mafundi ni kwamba kila sentimita 2.5 za kimo cha herufi hutoa usomaji mzuri kwa umbali wa mita 3. Duka likiwa mita 30 kutoka barabarani, jina lake lahitaji herufi za sentimita 25. Namba ya simu yenye herufi za sentimita 12 itasomeka vizuri kwa mtu aliye umbali wa takribani mita 14. Mlaji anayejaza bango kwa orodha ya bidhaa ishirini hulipia wino ambao hakuna atakayeusoma.

5. Vipimo, kingo na mizani

Andika kipimo kwa sentimita au milimita, upana kwanza, kimo baadaye. Tunasisitiza hili kwa sababu wachapaji wengi hukadiria bei kwa futi za mraba. Bango la "futi 10 kwa 3" lina upana wa sentimita 305 na kimo cha sentimita 91. Si mita 3 kwa mita 1. Eneo lake ni futi za mraba 30, ilhali mita 3 kwa mita 1 ni futi za mraba 32 na ziada. Fremu ikiwa imekwisha kuchomelewa kwa mita, bango la futi litaacha pengo la sentimita 9.

Ukingo wa nje nao una hesabu yake. Stika iliyochapwa na itakayokatwa pembezoni iongezewe rangi ya ziada ya milimita 3 kila upande, ili kisu kikiteleza kidogo pasionekane mstari mweupe. Bango la turubai hukunjwa pindo na kutobolewa vitundu vya kamba. Kwa hiyo jina na namba ya simu vikae angalau sentimita 5 ndani ya ukingo. Vipimo hivi hutofautiana kati ya mchapaji na mchapaji, hivyo omba vyake kwa maandishi kabla ya kuchora.

Bango refu sana huandaliwa kwa mizani ndogo, kwa kawaida moja kwa kumi. Faili la PDF kwa kawaida lina kikomo cha inchi 200 kwa upande, yaani mita 5 na kidogo. Bango la mita 10 basi huchorwa kwa mita 1. Katika hali hiyo picha za ndani ziwe na pikseli mara kumi kwa inchi, kwa kuwa zitatandazwa mara kumi. Na jina la faili litaje mizani waziwazi.

6. Stika ya kukatwa

Mashine ya kukata stika haichapi. Ina kisu kidogo kinachofuata mstari wa vekta. Haitambui picha, kivuli wala rangi zinazofifia taratibu. Kwa hiyo faili lake lina masharti ya ziada.

Herufi zilizopandana ziunganishwe kuwa umbo moja, la sivyo kisu kitakata hata pale zinapokutana. Mistari minene igeuzwe kuwa maumbo kamili. Kila rangi iwe kwenye tabaka lake. Herufi fupi kuliko sentimita 1, hasa zenye mikia myembamba, ni taabu kuzing'oa na huanza kubanduka mapema. Picha ya pikseli iliyogeuzwa vekta na programu yenyewe huwa na kingo zenye mawimbi. Isafishwe kwa mkono kabla ya kukatwa.

Mama wetu anataka stika kwenye kioo. Ni lazima aseme itabandikwa upande upi. Stika inayobandikwa ndani ili isomwe kutoka nje hukatwa kinyumenyume, kama maandishi yanayotazamwa kwenye kioo cha kujitazamia. Oda isiyotaja upande ni chanzo cha hasara ambayo mteja na fundi watatupiana bila mwisho.

7. Kutuma faili

Picha inayotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida ya picha hubanwa na kupoteza sehemu ya undani wake. Itume kama dokumenti, au tumia barua pepe au kumbukumbu ya flashi. Tuma PDF pamoja na faili la asili. Jina la faili liwe na jina la biashara, kipimo na tarehe. Majina kama "mwisho", "mwisho kabisa" na "mwisho wa kweli" yamechapisha mabango yasiyotakiwa. Ukisahihisha kitu, mwandikie mchapaji kwamba faili la awali lisitumike tena.

8. Uhakiki na makubaliano

Usikubali uchapaji uanze kabla hujaona nakala ya uhakiki. Nakala hiyo ionyeshe kipimo cha mwisho, rangi, aina ya malighafi na maandishi yote. Ukishaiidhinisha kwa maandishi, kosa la tahajia lililokuwemo huwa gumu kumdai mchapaji. Kwa upande wake, mchapaji akitoa kitu tofauti na ulichokiidhinisha, nakala hiyo ndiyo shahidi wako.

Makubaliano yaandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja au ujumbe wa simu unaohifadhika. Yataje mambo yafuatayo:

- kipimo kamili, malighafi, na kama bango ni la nje au la ndani;
- bei, ikitenganisha usanifu, uchapaji na ufungaji;
- idadi ya marekebisho yaliyomo ndani ya bei;
- tarehe ya kukabidhi;
- nani atabeba gharama ya kurudia kazi, na kwa kosa la aina gani;
- kama mteja atakabidhiwa faili la vekta linaloweza kuhaririwa, na kama haki ya kulitumia ni yake.

Jambo la mwisho husahauliwa sana. Mteja hulipia nembo, kisha anapotaka kuchapisha kwingine huambiwa kwamba faili haliwezi kutoka. Kwa Tanzania Bara, kazi za sanaa hulindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kulipia usanifu bila kuandika nani mmiliki ni kupanda mbegu ya ugomvi. Vilevile, picha iliyookotwa mtandaoni ina mwenyewe. Na kama nembo ni ya kudumu, uliza Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) kuhusu kuisajili kuwa alama ya biashara. Kabla ya kusimamisha bango nje, ulizia pia taratibu na ada za halmashauri yako.

Lipa sehemu ya fedha mwanzoni na umalizie baada ya kupima bango kwa futikamba mbele ya mchapaji. Dai risiti halali kwa kila malipo.

9. Kukitokea kasoro

Usilitundike bango lenye kasoro ukitarajia kulalamika baadaye. Lipige picha likiwa limelazwa, lipime, na ulilinganishe na nakala ya uhakiki. Kisha jiulize kwa haki: je, kasoro ilikuwamo kwenye faili nililoleta, au imetokea kwenye mashine? Ukungu wa picha ya pikseli 14 kwa inchi ulikuwamo kwenye faili. Lakini fundi aliyeuona na kunyamaza naye ana la kujibu. Michirizi ya wino, kipimo kilichopungua au malighafi tofauti na iliyotajwa ni ya mchapaji.

Kanuni ya msingi ya sheria ya uuzaji wa bidhaa ni kwamba bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo, na iliyouzwa kwa sampuli ilingane na sampuli. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji. Mwandikie mchapaji kwanza, ueleze kasoro, unachotaka na muda unaompa. Asipojibu, leta lalamiko pamoja na risiti, makubaliano, nakala ya uhakiki na faili ulilotuma. Lalamiko lenye vielelezo hivi husikilizwa kwa hoja. Lisilo navyo hubaki neno la mmoja dhidi ya mwingine.

Maswali ya kujipima

1. Una picha yenye upana wa pikseli 3,000 na unataka bango la upana wa mita 1.5. Utapata pikseli ngapi kwa inchi?
2. Umepewa nembo ndani ya PDF. Utajuaje kama ni vekta?
3. Stika itabandikwa ndani ya kioo na kusomwa kutoka nje. Utaandika nini kwenye oda?
4. Mchapaji anakuletea bango la futi 10 kwa 3 ilhali mliandikiana sentimita 300 kwa 100. Nani ana wajibu wa kurekebisha?

Majibu

1. Sentimita 150 ni inchi 59 hivi. 3,000 kwa 59 ni takribani 51. Inafaa kutazamwa kwa mbali kidogo, si kwa karibu.
2. Likuze hadi asilimia 800 na uangalie kingo za herufi.
3. "Ikatwe kinyumenyume, ibandikwe upande wa ndani wa kioo."
4. Mchapaji, kwa sababu kipimo kilichoandikwa ndicho kilichokubaliwa. Kama hamkuandikiana, jibu lisingekuwa rahisi hivyo.